Nyanjige Apanda Juu ya Robota

Nyanjige alizaliwa Ipililo, kwa wakulima wa pamba, akajaliwa sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Alipoolewa na Maige wakahamia karibu na Bariadi, sauti ile akaifanya mtaji: akawa mnadi wa mitumba. Siku ya mnada, sisi wauza kanga tulikuwa tunafunga midomo tu. Mwenye koo lake ameshafika.

Mwaka ule mvua ilitukuta sokoni bila hata turubai. Maji yalibeba nguo zake zote mpaka korongoni. Nyanjige akatumbukia matopeni kuzifukuzia, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Alipotoka, ameshika koti moja tu, akaniambia, "Mama Mtoro, soko hili litaezekwa. Nagombea udiwani."

Nikadhani ni hasira. Wapi! Jioni alimwambia mumewe.

"Nani atakupigia kura?" Maige akauliza. "Wanunua suruali?"

"Hao hao. Kila nyumba ina suruali yangu."

Maige akacheka, kisha akaenda kuuza mbuzi wawili wapate pesa za kampeni.

Mpinzani wake alikuwa Mashimba, mfanyabiashara wa mashine za kukoboa, mtu mwenye gari na muziki. Siku ya mwisho walipewa uwanja mmoja wa mnada, kila mmoja kwa zamu. Mashimba akasema, akapigiwa makofi, akashuka. Nyanjige akashika kipaza sauti, na jenereta ikazimika. Ikavutwa kamba, ikakohoa, ikafa kabisa. Watu wakaanza kuondoka na ng'ombe wao.

Nyanjige akakitupa kipaza sauti, akapanda juu ya robota la mitumba, akatusalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka!"

Haki ya Mungu, hata ng'ombe waligeuka.

"Mwangaluka, mayu!" watu wakajibu, wakimwita mama.

"Leo siuzi suruali! Leo nanadi paa! Nani anataka paa juu ya soko lake?"

"Mimi!"

"Sisikii! Kule kwenye mbuzi, mnataka kunyeshewa?"

"Hatutaki!"

Akaendelea hivyo, anapandisha dau: paa, choo, maji ya bomba, na kila alipotaja, mikono inapaa juu kama mnadani kweli. Mimi mwenyewe nilipunga kanga mpaka ikachanika. Mashimba alisimama kando ya gari lake, na nilimwona anatabasamu bila kupenda.

Usiku wa kuhesabu kura sikulala. Vituo vya mjini vilimpa Mashimba, vya vijijini vikamrudisha Nyanjige, moyo wangu ukipanda na kushuka. Kituo cha mwisho kiliposomwa, Maige ndiye aliyepiga kelele kwanza. Alimbeba mkewe begani, mwanamke mwenye mwili wake, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi wakicheka.

Kwenye baraza la madiwani mwenyekiti alimwomba apunguze sauti. Akapunguza. Hoja ya soko hakuipunguza: ilikataliwa mara ya kwanza, akairudisha kikao kilichofuata sisi wauzaji wa sokoni tukiwa tumejaa viti vya nyuma, na Mashimba katikati yetu, maana naye ana duka pale. Ikapita!

Sasa mabati yanapigwa misumari, kelele zake hazisemeki. Jana watu wa ng'ambo ya korongo walikuja kumtafuta wanataka daraja. Walimkuta mnadani, anauza mashati. Akawaambia wamngoje kidogo, amalizie robota.