Mwenye Nyumba Absentii

Sijawahi kumpenda yule mwanamke, na sitaanza leo kwa sababu tu ninamwandika.

Tulimwita Mama Funguo. Alikaa chumba cha chini kando ya geti, mlango nusu wazi, rundo la funguo likining'inia kiunoni, hivyo ukimsikia anakuja ulikuwa na muda wa kukunja uso vizuri. Alikuwa na funguo za vyumba, za tangi la maji, za geti, na nyingine za makufuli yaliyokwisha kutupwa zamani. Mwembamba, mkavu, sauti yake ya mtu anayefukuza kuku. Kazi yake, kama alivyotuambia sisi wapangaji, ilikuwa kuiangalia nyumba kwa niaba ya mwenyewe.

Na mwenyewe hayupo. Bomba likivuja, mwenye nyumba hayupo. Taa ya ukumbini ikiungua, mwenye nyumba hayupo, subirini arudi. Ila kodi ilimfika huko huko aliko bila kupotea njia.

"Yuko wapi?" nilimuuliza nilipohamia.

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje ni nje, msusi. Ungekuwa unapajua si pangekuwa ndani?"

Nilipanga chumba cha juu na mama yangu, na wateja niliwasukia chini kibarazani, karibu na geti, nyuma ya shuka niliyoitundika kuzuia jua. Ngazi ya kwenda juu ilikuwa ya saruji, upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa tupu. Visiki vya nondo vilivyojitokeza pembeni vilionyesha kwamba mtu aliwahi kufikiria kuweka reli ya kushikia, kisha akafikiria tena. Mama yangu magoti yalikuwa yamemchoka. Kila alasiri alishuka kuja kukaa nami na kupiga soga na wateja, akishuka polepole na kiganja ukutani, kama anayepima homa ya mtoto. Wateja wengine nadhani walikuja kwa ajili yake, maana mama yangu alikuwa mtu wa watu, hajawahi kumrudisha mgeni mlangoni hata awe mdai.

Nilimwomba Mama Funguo reli. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa utani, mwishoni nikamwomba kwa sauti iliyowanyamazisha wateja wangu. Jibu halikubadilika. Mkono wa birika alikuwa yeye, lakini lawama zote alimtwisha mtu wa nje.

Neno lenyewe alilileta mwalimu, mpangaji wa chumba cha kati. Alikuwa akifundisha Kiingereza shule ya jirani, na hasira zikimpanda Kiswahili kilimkimbia. Siku hiyo choo kilikuwa kimeziba tangu asubuhi. Akasimama uani kwa suti yake, kashika ndoo, akasema, "Hili ndilo tatizo la absentii lendilodi."

Mama Funguo akatoka chumbani. "Umemtukana nani?"

"Sijatukana. Nasema mwenye nyumba wetu ni absentii."

"Ndiyo nini?"

Mwalimu hawezi kuona mtu hajui kitu akamwacha salama. Akaweka ndoo chini. "Ni mtu asiyekuwepo mahali anapotakiwa awepo. Ana nyumba, hakai humo. Ana wapangaji, hajui sura zao."

"Si useme tu hayupo?"

"Hapana, mama. Hayupo ni mtu aliyekwenda sokoni, atarudi. Absentii ni yule ambaye kutokuwepo ndiyo kazi yake."

Nilimwona akilionja lile neno, midomo ikicheza bila sauti. "Kumbe kuna kazi nzuri namna hiyo," akasema, akarudi ndani. Choo kilizibuliwa na mwalimu mwenyewe.

Tangu hapo tulikoma. Ukigonga mlango wake hata kabla hujafungua kinywa, anakuambia, "Absentii." Alilitamka vizuri kuliko mwalimu, akilivuta mwishoni kama anayefunga geti taratibu. Maji yakikatika, maji absentii. Paka wa jirani asipoonekana, paka absentii. Wapangaji wengine walicheka, wakalichukua, likawa neno la nyumba nzima. Hata wauza mboga wakiuliza mwenye nyumba waliambiwa na watoto: absentii. Mimi sikucheka. Mtu anayekunyima kitu akiwa amenuna unaweza kumvumilia, lakini huyu alitunyima huku anajifurahisha.

Mvua ilinyesha wiki nzima na ukuta wa ngazi ukalowa. Alasiri moja nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja nikasikia kishindo kimoja, kisha kimya, kisha mama akaniita kwa jina langu la utotoni. Nilimkuta chini ya ngazi, mguu umelala upande ambao mguu haulali. Kiganja chake kilikuwa na chokaa mbichi ya ukutani.

Mama Funguo alitoka, akatazama, funguo zikatulia kiunoni. Akasema, "Pole sana. Nitamwambia mwenye nyumba."

Ningeweza kumpiga. Nasema wazi, kilichonizuia ni kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika mama.

Hospitali walisema ni nyonga. Wakafanya walichoweza, wakamrudisha, tukampandisha juu kwa kiti, na kitanda chake nikakisogeza karibu na mlango ili apate upepo na kusikia soga za chini. Hakushuka tena kwa miguu yake. Wateja walimsalimia kwa kupaza sauti kutoka kibarazani, naye aliwajibu kutoka juu. Mama Funguo hakuwahi kupanda kumjulia hali. Alijitia hamnazo, akapita pembeni ya kibaraza changu akitazama upande wa geti.

Halafu akaja shemeji mtu.

Nilikuwa nyuma ya shuka yangu na mteja, msuko mwembamba ule unaotaka utulivu, wakati mwanamume mmoja mnene mwenye viatu vya kung'aa alipoingia getini. Hakujua kama kuna watu hapo. Akamwambia Mama Funguo, "Shemeji, mpaka lini? Kaka amekufa zamani. Hii ni nyumba ya ukoo. Mwanamke peke yake unafanya nini na vyumba vyote hivi?"

"Nyumba hii tulijenga mimi na mume wangu," Mama Funguo akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Maji ya saruji nilibeba mimi. Yeye aliniachia. Toka."

Vidole vyangu vilisimama kichwani kwa watu. Mteja akageuza jicho kunitazama, nami nikamtazama.

Yule mwanamume alipofika getini alikutana na mke wa jirani yangu akiingia na ndoo. Akamuuliza kwa adabu, kama anayejaribu tu bahati, "Samahani, dada, mwenye nyumba hii yupo?"

"Mwenye nyumba?" yule dada akacheka. "Huyo absentii, kaka yangu. Hapa yupo msimamizi tu."

Nilimwona yule mwanamume jinsi alivyotabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeokota kitu njiani na kukitia mfukoni.

Mteja alipoondoka nilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mama Funguo.

"Kwa hiyo mwenye nyumba ni wewe."

Hakukana. Alikaa kitandani, akaanza kuzihesabu funguo kama tasbihi. "Mume wangu alipokufa niliwaambia wapangaji kwamba nyumba ni yangu. Wakanipanda kichwani. Huyu hana kodi, yule ana msiba, mwingine ananiambia mama, wewe unahitaji hela za nini. Wakahama, wakaja wapya, nikawaambia mwenyewe ni mwanamume, yuko nje, ni mkali. Hamkuchelewa kulipa hata siku moja. Mtu msiyemwona mnamwogopa, mimi mnayeniona mngenitafuna."

"Mama yangu alikuwa akikuogopa? Alikuwa akikusalimia kila siku."

Akaendelea kuzihesabu funguo.

"Mama amevunjika kwenye ngazi yako," nikasema. "Si ya mtu wa nje. Yako. Nitawaambia wote."

Akainua uso, na lile jicho lake kavu likarudi. "Kawaambie. Nani atakuamini?"

Nikaondoka. Sikuwaambia. Si kwa huruma, nilikuwa nangoja siku ambayo maneno yangu yangekuwa na uzito kwake.

Haikuchukua muda. Shemeji alirudi asubuhi moja na afisa wa mtaa, kijana mwenye miwani na kalamu sikioni. Wapangaji wote tuliitwa uani. Shemeji akaeleza, huku mkono ukiwa kifuani, kwamba nyumba ilikuwa ya marehemu kaka yake, mke wa marehemu aliondoka zamani hajulikani aliko, na sasa kuna mtumishi tu anayekusanya kodi na kuila. Yeye, kama ndugu, hataki ugomvi, anataka kuirudisha nyumba kwa ukoo.

"Mke wa marehemu ni mimi," Mama Funguo akasema.

Afisa akamtazama, akatutazama sisi. Akasema hati ina jina la marehemu, vyeti watavikagua ofisini, leo amekuja kusikia wakazi. "Mwenye nyumba ni nani?"

Mke wa jirani yangu akasema hajawahi kumwona. Mumewe akasema yuko nje ya nchi, ni mwanamume mkali. Mwalimu akarekebisha koti lake. "Kwa lugha ya kitaalamu, ni absentii lendilodi. Huyu mama ni msimamizi. Ametuambia hivyo mwenyewe, mara nyingi."

Shemeji akaitikia kwa kichwa kila jibu, polepole, kama mwalimu anayefurahia darasa lake.

Mama Funguo akatutazama mmoja mmoja, mkono umezishika funguo kiunoni. Mwishowe akafika kwangu. "Msusi," akasema. "Wewe unajua. Waambie."

Juu, mlango wetu ulikuwa wazi kama kawaida.

"Najua nini?" nikamuuliza.

"Unajua nyumba ni ya nani."

"Nilichofundishwa hapa ni kwamba mwenye nyumba ni absentii. Hakuwepo choo kilipoziba. Hakuwepo nilipoomba reli. Siku mama yangu alipoanguka pale," nikaonyesha ngazi, "mwenye nyumba hakuwepo. Sasa wewe unasema ni wewe. Kwani ulikuwepo?"



"Msusi, tafadhali."

"Ulikuwepo?"

Alilitazama geti. Akaitazama ngazi, na vile visiki vya nondo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, nami sikuona huruma hata chembe, niliona raha.

"Nilikuwepo," akasema.

"Sauti, mama. Yule wa kitandani huko juu hasikii vizuri."

"Nilikuwepo. Nyumba ni yangu, ngazi ni yangu, uliniomba reli nikakunyima. Siku zote nilikuwepo."

Hapo ndipo nilipomgeukia afisa. Nikamwambia nilivyomsikia huyu bwana, kwenye geti hili, akimwita huyu mama shemeji na kumtaka amwachie nyumba, na kwamba mteja wangu alisikia pia na anakaa mtaa wa pili, nyumba ya bati jekundu. Nikamuuliza shemeji watumishi wameanza kuitwa shemeji tangu lini. Afisa akaitoa kalamu sikioni. Shemeji akaanza kufafanua, na kadiri alivyofafanua ndivyo viatu vyake vilivyosogea getini. Vyeti vilipokaguliwa ofisini, hakutokea.

Sikumsaidia kwa kumpenda. Yule mwanamume angetuuza sisi na nyumba pamoja. Na uwongo mmoja ulikuwa umeniumiza vya kutosha, sikutaka mwingine.

Wiki ile ile mafundi wakaja na mashine ya kuchomea, cheche zikaruka uani siku nzima. Reli ikawekwa toka chini mpaka juu, ikapakwa rangi ya kijani. Watoto wakaanza kuteleza juu yake hata kabla haijakauka. Niliposhuka sikuishika. Ni ukaidi, najua.

Jioni yake nikasikia funguo zikipanda. Zilipanda taratibu, zikapumzika katikati, zikapanda tena. Mlango ulikuwa umerudishwa kidogo. Ukagongwa.

"Nani?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Mwenye nyumba."

Mama yangu, ambaye hajawahi kumrudisha mgeni mlangoni hata awe mdai, aliitazama dari. Kisha akanigeukia, akasema bila kushusha sauti, "Mwambie sipo."

Nikaufungua mlango. Mama Funguo alikuwa kashika mfuko wa matunda, mkono mwingine bado uko kwenye reli. Alitazama juu ya bega langu, akamwona mama amelala pale pale, macho wazi, yakimtazama.

"Mama hayupo," nikasema.

Midomo yake ikacheza bila sauti, kama siku ile uani. "Katoka?"

"Hapana," nikamjibu. "Absentii."

Akauweka mfuko kizingitini, akageuka, akashuka akiishika reli yake.