Siku Kumi na Moja Darasani

Simu ilipigwa saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Mama Pacha akiwa kwenye mashine ya kunyooshea mashuka. Katika chumba cha kufulia cha hospitali hairuhusiwi kushika simu ukiwa kazini, kwa hiyo msimamizi ndiye aliyepokea ile ya ukutani. Akasikiliza, kisha akamwita kwa kidole. Hakumpigia kelele kama kawaida yake.

"Wewe ni ndugu wa mwalimu?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Mwalimu gani?"

Hakujibu hivyo kwa ubaya. Miaka sita kaka yake alikuwa katika nchi ile ya ugenini, na hakuna mwenyeji aliyewahi kumwita mwalimu.

"Mwalimu wa hesabu. Mimi ni karani wa shule. Dada, kaa kwanza."

Alikuwa ameshakaa, juu ya kapu la foronya. Karani akamweleza kwamba kaka yake alitoka darasani wakati wa mapumziko, akaegemea ukuta wa korido, akashuka polepole kama mtu anayetaka kuchuchumaa. Gari la wagonjwa lilifika upesi, lakini moyo ulikuwa umeshasimama. Mama Pacha akasema, "Mungu wangu, mpokee mja wako." Kisha akaikunja foronya aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine, akachukua ya pili akaikunja pia, mpaka msimamizi alipomshika mikono.

Nyumbani kwao marehemu aliitwa Kaka Mkubwa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na Mama Pacha kitindamimba, wakipishana miaka kumi na minne. Alifundisha hesabu miaka ishirini na sita, na Mama Pacha mwenyewe alipita mikononi mwake darasa la sita. Siku ya kwanza aliinua mkono akasema, "Kaka, sijaelewa," akasimamishwa pembeni mpaka kengele. "Nyumbani mimi ni kaka yako," alimwambia jioni ile. "Darasani sina dada." Ndivyo alivyokuwa, amenyooka kama rula, na kicheko chake kilikuja kwa kuchelewa, wenzake wakiwa wameshanyamaza.

Mama Pacha ndiye aliyemwita huku. Mke wa Kaka Mkubwa alipofariki, na shule aliyofundisha ikaunganishwa na nyingine akabaki bila kazi, Mama Pacha alimpigia simu: "Kaka, njoo. Huku walimu wa hesabu wanatafutwa kama lulu." Alikuwa amelisoma tangazo ndani ya basi, na tangazo halikusema uongo. Halikusema tu mtu atapita wapi mpaka afike huko darasani.

Ofisi ya vyeti ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Walitaka cheti, kisha orodha ya masomo, kisha barua ya chuo kuthibitisha kwamba cheti ni cha kweli. Chuo kilijibu baada ya miezi kumi na minne, jina likiwa limepungua herufi moja.

"Baba, huyu si wewe," alisema karani wa dirishani.

"Ni mimi, mwanangu. Wamenipunguza kidogo tu."

Karani hakucheka. Barua ikaanza safari upya. Jalada la Kaka Mkubwa likanenepa mpaka akalifunga kwa kamba ya kiatu, akawa anakwenda nalo hata kazini, kwenye ghala alikolinda lango kwa kusimama muda wa saa kumi kila siku. Wenzake wakampa jina la Mzee Jalada.

"Mzee Jalada, vipi, leo wamekupa shule?"

"Wamenipa kiti cha kusubiria. Safari hii kina mto."

Mwaka wa nne akaitwa kwa somo la majaribio, afundishe darasa huku mkaguzi ameketi nyuma. Mama Pacha alimpigia pasi shati usiku uliotangulia, na alfajiri wakasali pamoja. Kaka Mkubwa akaandika ubaoni 3,150 igawanywe kwa 7. Kwao mkato ule hutenga maelfu, na jibu ni mia nne na hamsini. Mtoto wa kwanza akanyoosha mkono akasema sifuri nukta nne tano. Akamwambia kwa upole ajaribu tena. Wa pili akasema vile vile. Akapita katikati ya madawati, akakuta madaftari yote ishirini na nane yana jibu hilo hilo, basi akajua nini kimetokea.

"Mmenakiliana!" akasema. Akafuta ubao, akaanza kuwafundisha kugawanya tangu mwanzo, kama watoto wadogo. Nyuma, mkaguzi aliandika bila kuinua kichwa. Ripoti ilikuwa ya mstari mmoja: mwombaji hamudu namba za desimali. Angeweza kujaribu tena baada ya miaka miwili.

Jikoni, alipokuwa akimsimulia dada yake, alikuwa bado ana hasira na watoto wale. Mama Pacha alisimama na mwiko mkononi.

"Hebu rudia, Kaka. Uliandikaje?"

Akamwandikia nyuma ya bahasha. Mama Pacha akaitazama. Kila siku kazini alipima mafurushi ya nguo, na mzani ulipoandika hivyo, furushi lilikuwa la kilo tatu na kitu.

"Kaka," alisema, "huku mkato ndiyo nukta."

"Nukta ipi?"

"Ya desimali. Huku hiyo si elfu tatu. Ni tatu na kidogo."

"Ah, nimeona dukani kwenye bei. Nilijua ni wenye maduka, hawajui kuandika."

"Nchi nzima inaandika hivyo, Kaka."

Akaivuta bahasha, akapitisha kidole juu ya ule mkato. "Kwa hiyo wale watoto walipata."

"Walipata."

"Wote ishirini na nane."

"Wote."

"Nami nikawaita wezi wa majibu." Akafunika uso kwa viganja. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza kazini. Miaka tisa. Sikujua kwamba hujui."

Kile kicheko chake kikaja, kwa kuchelewa kama kawaida, wakacheka wote wawili mpaka chakula kikaungua. Lakini hakula. Tangu siku ile Mama Pacha aliona anavyoketi kitandani kabla ya kuvaa viatu, akivitazama kana kwamba viko mbali.

Miaka miwili ikapita langoni. Vifundo vya miguu vikaanza kuvimba, na daktari akasema moyo umechoka, kazi ya kusimama aiache. Jaribio la pili alifaulu. Barua ya shule ikaja mwezi huo huo: ashike nafasi ya mwalimu aliyekwenda kujifungua, muhula mmoja.

"Waambie wakungoje kwanza," Mama Pacha alimsihi. "Pumzika hata miezi miwili."

"Nipumzike nini tena? Miaka sita nimekaa kwenye viti vya kusubiria."

"Daktari amesema—"

"Daktari amesema niache kusimama langoni. Nimeacha."

Mama Pacha angeweza kumzuia. Angepiga kelele, angeificha ile barua, angemwita mchungaji aje aseme naye. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu alikuwa ameuona uso wake akiisoma.

Alifundisha siku kumi na moja. Kila jioni alirudi amesawajika uso kwa uchovu, akaketi mezani na madaftari. "Wananiita kwa jina langu, kavu kavu," alilalamika. "Hata kusimama hawasimami. Lakini kugawanya, wanagawanya." Mara tatu Mama Pacha alimkuta amelala juu ya madaftari, kalamu nyekundu imechora mstari mrefu ukurasani. Aliitoa taratibu vidoleni mwake, akaomba: Mungu, mpe huu muhula mmoja tu. Hakupewa. Mama Pacha hakuzoea kugombana na Mungu, lakini baada ya ile simu aligombana naye siku tatu, kisha akachoka.

Mchungaji alikuja Ijumaa kuandika maneno ya mazishi. Kanisani walimfahamu Kaka Mkubwa kama mlinzi.

"Niseme alikuwa mlinzi wa ghala, halafu akafundisha kidogo?"

"Sema mwalimu."

"Aliwahi kuwa mwalimu."

"Mwalimu, mchungaji. Amefia kazini."

Mchungaji akaandika hivyo.

Mazishi yalikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wa makaburini. Walifika watu thelathini na kitu: wanawake watano wa chumba cha kufulia, walinzi wanne wa ghala, waumini wa kanisani, mkuu wa shule na yule karani, na wanafunzi saba pamoja na wazazi wao. Mabinti pacha wa Mama Pacha walisoma Neno, mmoja akamalizia pale mwenzake aliposhindwa. Jeneza likafunguliwa kwa dakika chache. Kaka Mkubwa alikuwa amevaa lile shati la majaribio. Mama Pacha alimgusa paji la uso, lilikuwa la baridi, akamwambia nenda salama. Walinzi wakalibeba jeneza hadi kaburini, na mmoja akaomba kupumzika njiani kwa sababu ya mgongo. Mchungaji akasali. Kila mtu akatupa udongo kidogo, wanafunzi wakiwa wa mwisho, kisha wafanyakazi wa makaburi wakafukia kwa sepetu. Saa sita kasorobo kazi ilikuwa imekwisha, watu wakapeana mikono, wakaondoka.