Bei ya Kukaa na Mjane

Hoteli yetu ya Bofa ilipofungwa, wafanyakazi wenzangu walinichagua mimi niwasemee mahakamani. Hawakunichagua kwa elimu, maana yangu iliishia shule ya msingi na mengine nimejiokotea. Walinichagua kwa sababu nina mdomo, na kwa sababu sijawahi kupoteza shuka. Miaka kumi na tisa nilisimamia chumba cha dobi. Kila shuka iliyotoka kwa mgeni niliiandika, na iliporudi imekauka niliitia alama, na siku ambayo alama zilipungua, hakuna mtu aliyekwenda nyumbani mpaka shuka ionekane. Walikuwa wakinisema sana kwa tabia hiyo. Siku ya kuchagua mwakilishi, wote wakainua mikono.

Mtu aliyekuja kuyafunga mambo ya hoteli anaitwa mfilisi. Huwekwa na mahakama akusanye mali ya aliyeshindwa na madeni, aiuze, awagawie wanaodai. Akimaliza hupeleka bili ya kazi yake, na yeye ndiye hulipwa wa kwanza. Sisi wenye mishahara iliyolala na kiinua mgongo tulimfuata yeye, na wengine wakawa nyuma yetu. Kwa hivyo kila shilingi aliyojiandikia ilitoka mfukoni mwetu, na ndiyo maana sheria inampa mdai nafasi ya kusimama aseme, hii imezidi.

Niliambiwa kwamba bili ile ikipita kama ilivyo, kiinua mgongo changu kitabaki theluthi. Nami nilikuwa nimeshakipangia. Nilitaka vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu Kilifi, kwa sababu magoti yangu yamekataa kusimama kutwa, na hakuna hoteli itakayomwajiri mwanamke wa umri wangu apige pasi. Vyumba vile ndio uzee wangu. Kila nikiisoma bili nilikuwa navisoma vyumba vyangu vinavyobomolewa tofali kwa tofali.

Niliisoma siku nane, kwa rula na kalamu nyekundu, nikishuka mstari kwa mstari kama ninavyosoma daftari la shuka. Kila mstari ulikuwa na tarehe, kazi, saa na bei. Nikaona vyombo vya jikoni vimehesabiwa siku mbili kwa bei ya mfilisi mwenyewe, yule bwana wa tai. Nikaona walinzi wanne wa hoteli isiyo na mgeni hata mmoja. Kisha nikafika mstari uliosema: Mambrui, mazungumzo na mjane wa mwenye ardhi, saa nne. Hapo nikaweka kalamu chini nikacheka peke yangu.

Ardhi iliyokaa hoteli yetu haikuwa ya hoteli. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Mambrui, mfanyabiashara wa ukoo wa zamani, ambaye hoteli ilimlipa kodi ya ardhi miaka nenda miaka rudi. Mzee huyo alifariki hoteli ikiwa imeshafungwa, na baadhi yetu tulikwenda mazikoni. Basi nikahesabu kwa vidole kutoka siku ya maziko hadi tarehe iliyoandikwa kwenye bili. Haikufika hata miezi mitatu. Mjane alikuwa ndani ya eda.

Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Naijua, nimeikaa. Mwenye eda hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hakai naye kuzungumza. Mimi nilipokuwa ndani, hata fundi wa bomba alisimama uani, maneno yakapitia kwa mpwa wangu. Sasa huyu bwana wa tai, mtu wa Mombasa, ati alikaa saa nne na mwenye eda wa Mambrui? Uongo huo amwambie mtu wa bara. Nilimpigia simu mpishi wetu mkuu, mtu wa Kaloleni, nikamwambia nimempata. Nikamwambia mtu akidanganya mstari mmoja, hakimu ataitilia shaka bili nzima. Mpishi akawaambia wengine, na siku ya kesi wakaja Malindi kwa wingi, na wake zao.

Aliyetusikiliza alikuwa msajili wa mahakama, ndiye hupima bili za namna hiyo. Mwanamke mwembamba, miwani inamshuka puani, sauti ya chini mpaka tukalazimika kunyamaza ili tumsikie. Mimi nilitegemea atafanya kama wanunuzi sokoni, atasema ni nyingi, punguza, wakutane katikati. Sivyo hata kidogo.

Alianza na vyombo. Akamuuliza mfilisi, "Sahani hizi zilihesabiwa na nani?"

"Na karani wangu, Mheshimiwa."

"Umetoza bei ya nani?"

Yule bwana akatazama karatasi zake. "Bei yangu."

"Kuhesabu sahani kunahitaji ujuzi wako?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Akaandika bei ya karani, akageuza ukurasa. Hakumkaripia wala hakumkejeli. Nyuma yangu nikasikia mpishi anavuta pumzi kwa raha.

Tukaja kwa walinzi. Nikasimama nikasema, hoteli tupu walinzi wanne wa nini, mmoja angetosha. Msajili akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi. "Hoteli ina milango mingapi ya kuingilia?"

Nikasema miwili, na upande wa ufuo uko wazi.

"Kuna kitu kiliibwa tangu wawekwe?"

Nikasema hakuna.

"Mashine zako za dobi ziliuzwa zikiwa nzima?"

Nikasema ndiyo, na nyaya zake zote. Akaiacha bei ya walinzi kama ilivyo. Nilikaa chini nimenywea, lakini sikuweza kumkasirikia, maana jibu nililitoa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaanza kumtazama kwa jicho lingine. Hakuuliza kama pesa ni nyingi au ni kidogo. Aliuliza kama kazi ilihitajika, ilifanywa na nani, na ilileta nini. Kila mstari aliupitisha hapo, wa shilingi mia na wa laki, na hakuharakisha mmoja kwa sababu ni mdogo. Mimi ambaye nimejivunia daftari langu maisha yangu yote, nilijiona mtoto. Nimehesabu shuka miaka kumi na tisa, sijawahi hata siku moja kuuliza ilifuliwa na nani.

Ikafika Mambrui. Nikasimama kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikasema, "Mheshimiwa, huu mstari ni uongo. Tarehe hii huyo mama alikuwa kwenye eda, na mwanamume asiye maharimu hakai na mwenye eda dakika nne, seuze saa nne. Bwana huyu hakuzungumza naye."

Watu wakaguna nyuma. Mfilisi akasimama, hakuonyesha kushtuka. "Ni kweli. Mimi sikuingia. Nilifika mlangoni nikaambiwa mwenyewe yumo kwenye eda, nikarudi. Aliyeingia ni huyu."

Nyuma yake akasimama mwanamke ambaye nilikuwa nimemwona tangu asubuhi nikamdhani ni wa kubeba mafaili. Mtu mzima, wa makamo yangu karibu, mhasibu wa ofisi ile. Mtu wa bara, Kiswahili chake unakisikia. Mtandio kichwani alikuwa ameufunga vibaya, lakini alikuwa ameufunga.

Msajili akamwuliza alikwenda kufanya nini. Akaeleza kwamba mkataba wa ardhi ulikuwa umebakiza miaka miwili, na hoteli yenye miaka miwili hainunuliwi na mtu. Lakini marehemu alikuwa ameuongeza kwa miaka thelathini, akatia sahihi, nakala mbili. Ya hoteli ililiwa na mchwa kabatini. Ya pili ilikuwa Mambrui, kwenye sanduku la marehemu, na ufunguo alikuwa nao mjane.

"Kwa nini hamkuomba amri ya mahakama?" msajili akauliza.

"Tungeipata, Mheshimiwa, baada ya miezi. Mnunuzi alikuwa na subira ya wiki tatu."

"Kwa hivyo ulikwenda mara moja, saa nne, ukapewa karatasi."

"Nilikwenda mara nne."

Msajili akapandisha miwani puani. "Bili inasema mara moja."

"Mara tatu za kwanza sikuwa na karatasi mkononi. Nilikwenda kumpa pole. Nilikaa na wanawake waliokuwapo, nikasaidia kuchambua mchele, nikaondoka jioni. Siku ya nne yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia. Akafungua sanduku. Akataka nimsomee mkataba wote, kisha tena, kisha akamwita binti yake nimsomee naye, kwa sababu ulikuwa na sahihi ya mumewe. Ndizo saa nne."

"Na zile siku tatu?"

"Pole hailipishwi, Mheshimiwa."

Nilishikwa na kitu nisichojua nikiite nini. Mimi, mtu wa huku, niliyeikaa eda mwenyewe, nilikuwa nimeitumia kama fimbo ya kumpiga mtu. Yule mgeni, ambaye hakuna aliyemfundisha, alikwenda akakaa mkekani siku tatu bila kusema lake. Nilipokuwa ndani ya eda yangu, hoteli ilinitumia mtu na fomu ya likizo siku ya saba, akataka sahihi yangu papo hapo. Nikamtazama mwanamke yule, aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Msajili akamrudia mfilisi. "Kazi ilihitajika, na imefanywa. Bila karatasi hiyo leo tusingekuwa na cha kugawa. Lakini umetoza bei yako, na kazi si yako. Naandika bei ya mhasibu." Ilikuwa chini ya nusu.

Hapo nikasimama bila kuulizwa. Sijui nini kilinisimamisha.

"Mheshimiwa, hapo sikubali."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, wewe unamwakilisha nani?"

"Wafanyakazi."

"Unajua nikiiacha bei ya juu, inatoka kwao?"

"Najua." Nikasikia mpishi ananiita kwa sauti ya chini, nikajifanya kiziwi. "Bei ya mkubwa ni kubwa kwa sababu mkubwa anaweza asichokiweza mdogo. Kazi hii mkubwa hakuiweza. Hata angelipwa mara kumi, mlango ule asingepita. Iweje basi bei ya aliyepita ndiyo iwe ya chini?"

Msajili aliweka kalamu. Mimi nikaanza kufikiria nitarudi vipi Kilifi na watu wale. Kisha akamwuliza mhasibu, "Wewe unalipwa kwa saa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nina mshahara wa mwezi."

"Nikiacha bei ya juu, wewe utapata zaidi?"

Yule mwanamke akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Hapana."

Msajili akanigeukia, akazungumza polepole kama mtu anayemfundisha mwanawe kusoma. "Hoja yako ni nzuri, na nitaiandika kwenye uamuzi, isomwe na watakaokuja. Lakini nikiipandisha bei, nitakuwa namlipa aliyebaki nje ya mlango. Aliyeingia sina namna ya kumfikia kutoka kwenye kiti hiki."

Akaandika bei ya chini. Nimeona watu wakubwa katika maisha yangu, mawaziri wamelala kwenye shuka zangu, lakini sijawahi kumwogopa mtu kwa heshima kama nilivyomwogopa mwanamke yule saa ile. Alikuwa ameona mwisho wa shilingi ile, mimi nikiwa bado naona mwanzo wake.

Nje nilimngojea mhasibu kwenye ngazi. Nikamwambia, "Dada, nimekuita mwongo mbele za watu. Niwie radhi."

"Hukuniita mimi, mama. Hata jina langu halikuwamo."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, akanipa mkono, akapanda gari la ofisi, kiti cha nyuma, na mafaili magotini. Mpishi alininunia hadi Kilifi. Tulipofika stendi akaniambia, "Wewe karibu utuuze," nikamwambia, "Karibu," tukaachana.

Malipo yalikuja baada ya wiki kadhaa. Msajili alikuwa amekata sehemu kubwa ya bili, na kiinua mgongo changu kilifika robo tatu. Chumba kimoja nimekipaua, cha pili kuta zimefika kwenye lenta, juu ya mlango. Uamuzi wenyewe ninao, na siku ile ya malipo niliusoma kwa rula yangu, nikashuka mstari kwa mstari, walinzi, karani, mfilisi, nikiangalia kila aliyeigusa pesa ile kabla haijanifikia mimi. Nilikuwa natafuta nani kanipunja. Aliyepunjwa nilimwona mmoja tu, kwenye mstari wa Mambrui, na hakuwa mimi.