Kumsoma Mama wa Kitale

Kwetu Bumula mtu akifa, kabla hata jeneza halijachaguliwa, natafutwa mimi. Nafundisha Kiingereza shule ya upili, kwa hivyo familia iliamua kwamba kazi yangu hapa duniani ni kuandika wasifu wa marehemu. Hatuthubutu kuzika mtu kwa lugha yetu. Sijui tunadhani Mungu hataelewa.

Juzi juzi alikufa baba mdogo. Alikuwa na mke hapa Bumula na mwingine Kitale, aliyeuza naye viazi miaka mingi na ndiye aliyemuuguza. Mama wa Kitale ni wa familia za Wakikuyu waliohamia huko zamani, si wa kabila letu. Wazee wetu walijifanya hawamjui, ingawa viazi vyake walivila kila Krismasi.

Alinipigia simu. "Mwanangu, sitaki shamba. Nataka tu nisomwe."

Kwetu asiyesomwa kwenye wasifu haketi na familia wala hatupi mchanga kaburini. Angesimama nyuma na majirani, kama mtu aliyefuata wali. Roho iliniuma.

Kwenye kikao, baba mkubwa ndiye alikuwa mwenyekiti. Ni karani mstaafu, na anapenda Kiingereza kizito kuliko nyama. Akaniagiza nisikose kuweka "He is survived by", maana mazishi ya watu wa maana lazima yawe nayo. "Halafu uandike mke mmoja. Huyo wa Kitale muweke kwa marafiki wa familia."

"Rafiki gani anamzalia mtu mapacha, bana?" nikauliza. Baba mkubwa akanisukumia karatasi niandike.

Nikaona nipitie kwa hicho Kiingereza chao. Nikawaambia maneno hayo ya "survived by" yanataja waliobaki hai, kwa hivyo mke akiachwa nje, ni kusema alitangulia kufa. "Sasa tusimame mbele ya kaburi wazi tutangaze mtu amekufa, na yeye yuko pale na miguu yake? Mimi siandiki. Baba mkubwa, andika wewe, halafu usome mwenyewe."

Nilitia chumvi kidogo na sijutii. Hakuna mzee wa kwetu anayetaka kumtangazia mtu hai kifo. Huyo mtu akishikwa hata na homa, utaulizwa wewe.

Ndipo Mama wa Bumula, aliyekuwa mlangoni akichagua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa, "Muandikeni. Nimechoka kuwa mjane peke yangu."

Siku ya mazishi nilisoma mimi. Nilipofika kwa jina lake, Mama wa Kitale, ambaye bado alikuwa amesimama nyuma karibu na masufuria, akainua mkono kama mwanafunzi. "Niko," akasema.

Watu wakacheka, hata mchungaji. Yeye alikuwa analia. Mama wa Bumula hakucheka. Alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa leso yake.

"Kuja ukae," akamwambia. "Si umesomwa."