Sindano na Mashine ya Chumba cha Baridi

Mwanangu, siku niliyoingia chumba cha kompyuta bado naisikia kwenye ngozi. Nje, Morogoro mjini, watu wanalowa jasho. Mle ndani baridi kama ya kwetu milimani alfajiri. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamefurika redio na mitumba, nami binti wa kijijini Mlali, shule niliiacha mapema, nina kidonda cha mguu na homa kali. Alinileta hospitali Mjomba Kobelo, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake.

Serikali ilikuwa imetoa fedha ili hospitali ziachane na makabati ya mafaili, habari za wagonjwa ziingizwe kwenye kompyuta. Hospitali iliyoingiza wengi iliongezewa. Jambo jema, silipingi. Ila lilipomfikia Bwana Lukwele, mkuu wa kumbukumbu, na namtaja bila haya, liligeuka mbio. Jina, umri, kijiji, mwingine!

Tulivua viatu mlangoni. Lukwele akamzuia mjomba.

"Mzee, mashine haitaki vumbi. Mgonjwa peke yake."

"Basi nisikilizeni kwanza, huyu mtoto..." Mlango ukafungwa.

Lukwele akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, akabonyezabonyeza, na jina langu likajitokeza kwenye kioo, herufi za kijani zinawaka. Mwanangu, nilisahau mguu. Jina ambalo mimi mwenyewe nililiandika kwa taabu, limeandikwa na kitu kisicho na mkono! Nilijiona nimejulikana mpaka Ikulu.

Sasa, nilipokuwa mdogo, sindano ya penisilini ilinivimbisha koo nusura nife. Nikajikaza: "Baba, kuna sindano moja..."

"Nyamaza, binti. Hii inajua kuliko wewe na mjomba wako. Mwingine!"

Nikaamini. Nilizoea kusemewa, na mjomba alipobaki nje, nikaona mashine imeshika nafasi yake. Nikapelekwa chumba cha pili, na Nesi Felista alipokuja na sindano, aliniuliza, "Kuna dawa inayokudhuru?" Nikanyoosha kidole kule chumbani. "Imo mle." Akatazama karatasi iliyotoka kwa Lukwele, hakuona onyo lolote. Akanichoma.

Hata pamba hajaitupa, midomo ikafa ganzi, koo likaziba. Nikamsikia mjomba akipiga kelele, "Penisilini? Mmempa penisilini?" Felista akakimbia, akarudi na sindano ya kuniokoa. Hewa ikarejea kidogo kidogo, kama maji yanaporudi bombani.

Nilipoweza kukaa, mjomba alikuwa amesimama mbele yangu peku.

"Mdomo umeuacha Mlali?"

"Mashine inajua, mjomba."

"Imeambiwa na nani? Ilikuwepo siku ile nilipokubeba mgongoni umevimba?" Akamgeukia Lukwele aliyekuwa anachungulia mlangoni. "Na wewe bwana, jina la mtoto umelichukua, maradhi yake umemwachia nani?"

"Mzee, wakaguzi wako njiani," akajibu. Hata pole hakunipa. Na baadaye alipandishwa cheo, yule! Mimi nikiona sindano mpaka leo natokwa jasho.

Mjomba akanishika mkono, tukaingia chumbani na vumbi letu. "Sema mwenyewe," akaniambia. Nikasema. Lukwele akaandika kwa kununa, na chini ya jina langu likawaka neno: penisilini. Nikalitazama mpaka machozi yakanitoka. Sauti yangu, mwanangu, imegeuka mwanga.

Tangu hapo kila hospitali naisema kabla sijakaa. Nilipolazwa Dodoma niliisema, wakaiandika. Juzi hapa Kihonda, binti wa mapokezi hospitalini aliangalia kompyuta yake, akaniambia, "Shikamoo mama. Naona penisilini haipatani na wewe." Kumbe siku hizi kompyuta za hospitali zinapashana habari. Neno nililolisema Dodoma limenitangulia kuja kunilinda!

Kwa hiyo mwanangu, ukifika mbele ya mashine, istaajabie, inastahili. Lakini usikae kimya kwa sababu yake. Sema kinachokuuma na kinachokudhuru, na akikunyamazisha mtu wa aina ya Lukwele, sema tena kwa nguvu. Nawe ukipewa kazi ya kuandika habari za watu, msikilize mtu mpaka amalize.

Mungu akupe pumzi ndefu, na watu wa kukusikiliza.