Mwalimu Doreen na Gololi za Mjerumani

Saa saba mchana, jua la Ruangwa limewaka kweli kweli, lakini ndani ya kile chumba cha gesti ni giza totoro. Dirisha limezibwa kwa pazia, na juu ya pazia limetundikwa blanketi.

Mezani, juu ya kitambaa chekundu, gololi moja ikawaka.

Ikawaka kijani. Haina waya, haina betri, haina moto.

Mama mmoja akapiga magoti. Mzee aliyekuwa pembeni yake akafanya ishara ya msalaba. Kijana aliyevaa jezi akanong'ona, "Oya, hii sasa ni noma."

Mwalimu Doreen, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kwapani, akasonya.

Ule msonyo mrefu, ambao wanafunzi wa kidato cha pili kule Nachingwea wanaujua vizuri.

Ngoja nikueleze alifikaje pale.

Doreen ni mwalimu wa kemia, mtu wa Bukoba. Alipopangiwa kazi Nachingwea alilia wiki nzima, na alipomaliza kulia akaanza kudharau. Alidharau vumbi. Alidharau maji ya bomba. Alidharau ndizi za sokoni, akasema kwao hizo wanawapa mbuzi. Watu ndio usiseme. "Watu wa huku" lilikuwa neno lake la kila siku, na hakulitamka kwa wema hata mara moja.

Kitu kimoja tu alikipenda. Gololi za zamani.

Usicheke.

Si hizi za Kichina zinazouzwa dukani kwenye vineti. Alitaka zile zilizotengenezwa kwa mkono enzi hizo, ambazo watu huziokota wakilima karibu na misheni, au kwenye mashamba ya zamani ya karanga walikokaa wazungu na watoto wao.

Kuzitambua ni hivi. Fundi alivuta kijiti cha kioo cha moto chenye nyuzi za rangi ndani, akakata kipande, akakiviringisha. Pale alipokata panabaki kovu dogo, kama kitovu. Gololi ya mashine haina kitovu. Doreen aliweza kufumba macho, akaipapasa kwa ukucha, akakwambia ni ya aina gani.

Alizipanga juu ya kabati kwenye trei za mayai, kila moja na shimo lake.

Mwalimu mwenzake wa jiografia, Edwin, alizikuta siku moja akashindwa kujizuia.

"Madam, hizi zinaanguliwa lini?"

"Siku moja na akili yako."

Ndiye Edwin huyohuyo aliyemletea habari, asubuhi moja ya Jumamosi.

"Umesikia Ruangwa kuna mtaalamu? Anaitwa Mudrik. Anasema gololi za Mjerumani zina zebaki ndani, na zebaki inanunuliwa kwa mamilioni. Watu wanamiminika kutoka Nanganga mpaka Mkotokuyana. Hata yule mama yako wa mayai nimemwona anapanda gari, na karatasi ya shamba mkononi."

Mama wa mayai ni Kornelia, mjane wa Mnero anayemuuzia Doreen mayai. Shamba lenyewe ni la mikorosho, ndilo lililosomesha watoto wake, na ndilo linalowalisha wajukuu sasa.

Doreen hakumaliza chai yake. Akapanda gari la Ruangwa huku anatukana kimoyomoyo njia nzima. Anawatukana matapeli, anawatukana wanaotapeliwa, na hawa wa pili ndio walipata zaidi.

Sasa turudi chumbani.

Mudrik alikuwa amevaa koti jeupe la daktari, na miwani isiyo na kazi.

"Hii mnayoiona ni gololi hai," alisema, ile sauti ya mtu anayefundisha wajinga. "Ya mama huyu nayo ina zebaki, ila imelala. Nataka niiamshe. Dawa ya kuamshia inatoka nje ya nchi, ndiyo maana naomba dhamana. Mama, karatasi umekuja nayo?"

Yule aliyepiga magoti, Kornelia, akaanza kufungua pindo la khanga.

"Mama, shikamoo," Doreen akasema. "Usifungue hilo fundo."

Watu wakageuka. "Mwalimu wa Nachingwea huyo," mmoja akanong'ona. Doreen akapita katikati yao mpaka mezani, akamnyang'anya Mudrik kitochi alichokuwa amekificha kiganjani, anakielekezea gololi.

"Dada, hicho ni kifaa cha kitaalamu!"

"Ni tochi ya kukagulia noti feki. Kila wakala wa pesa kule Nachingwea anayo."

Akaielekeza kifuani kwa Mudrik. Koti likawaka lote, jeupe la bluu, utadhani taa ya harusini.

Chumba kikaguna.

"Haya," Doreen akasema. "Daktari mwenyewe ana zebaki. Mvueni tumuuze. Hebu cheka, daktari. Ona, hata meno yana zebaki!"

Kijana wa jezi ndiye aliyeanza kucheka. Chumba kizima kikafuata. Hata Kornelia, akiwa bado amepiga magoti, alifunika mdomo kwa khanga.

"Ni sabuni ya unga," Doreen akaendelea. "Ina kemikali ya kung'arisha nguo, inawaka kwenye mwanga huu. Na hiyo gololi yake, zamani walichanganya madini kidogo kwenye kioo ili kipate rangi, nayo yanawaka kwenye mwanga huuhuu. Humo hakuna zebaki, hakuna roho, hakuna cha kuamshwa."

Hapo alikuwa ameshinda. Angenyamaza hapo, stori ingeishia hapo, na leo tungekuwa tunamsifu.

Lakini Doreen ni Doreen.

"Na nyie," akawageukia watu. "Mnalima kwa jembe mwaka mzima, halafu mnakuja kumpa mashamba mtu aliyeazima koti. Nyie watu wa huku akili mnaziacha wapi? Hata kuku akiona kitu kinang'aa hudonoa kwanza."

Kicheko kikakatika.

Mudrik hakuwa mtaalamu wa gololi, lakini wa watu alikuwa. Aliliona lile, akavua miwani taratibu.

"Mwalimu, nikuulize kwa heshima zote. Hivi ni vioo tu?"

"Vioo tu."

"Havina thamani?"

"Hata kidogo."

"Sawa. Maana kila anayekuja hapa ananiambia zake nyingine alizichukua mwalimu wa Nachingwea, kwa biskuti. Sasa mtu msomi kama wewe, vioo visivyo na thamani unavikusanya vya nini? Unapika?"



Kornelia akainuka. Alijipangusa magoti, akamtazama Doreen usoni.

"Mwalimu. Mwaka jana nilikuletea moja, niliiokota nikipalilia. Ukaigeuzageuza, ukasema kioo tu. Ukanipa pakiti ya biskuti za wajukuu."

"Ndiyo, mama."

"Kilikuwa kioo tu?"

  

Doreen angeweza kudanganya. Alimtazama yule mama, na mkono wake uliokuwa bado umeshika fundo la khanga, uongo ukagoma kutoka.

"Ni kioo, mama. Ila kuna watu huko Ulaya wanavitafuta. Wananunua. Si utajiri, lakini si biskuti."

"Umeshawauzia?"

"Baadhi. Ya kwako ninayo."

Wee! Chumba kikalipuka.

"Mwizi!"

"Mwanangu alimpa nne akapewa kalamu!"

"Lao moja hawa, wamegombana mgao tu!"

Mmoja akaziba mlango. Mwingine akauvuta mkoba, madaftari ya kidato cha pili na chaki vikamwagika sakafuni. Mtu akamshika Doreen kola. Kila mmoja alitaka kumwuliza swali na hakuna aliyengoja jibu.

Ni Kornelia aliyepiga kelele.

"Na huyu mwingine yuko wapi?"

Wakageuka.

Blanketi limeanguka. Pazia linapepea. Dirisha wazi.

Mudrik hayupo. Ndoo ya gololi zao, alizowaambia wamwachie zilale pamoja, haipo. Karatasi za mashamba za wale waliowahi kufika asubuhi, hazipo. Nje pikipiki inaishia kona.

Umeielewa hiyo? Watu wazima, chumba kimejaa, wamemkamata mwalimu mwenye chaki, wamemwachia tapeli mwenye ndoo. Tena walipogundua, nusu yao walibaki wamemshika mwalimu, eti asije na yeye akakimbia.

Taarifa ikapelekwa polisi, mwalimu akaachiwa. Wenye karatasi zao wakaanza safari za kwa mwenyekiti wa kijiji na mabaraza ya ardhi, na wengine mpaka leo bado wanazo hizo safari.

Karatasi ya Kornelia ilibaki kwenye khanga.

Doreen na Kornelia walirudi gari moja, siti moja.  Kornelia akashuka Mnero bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misani, walimkuta Doreen nje ya kanisa la Mnero, trei zake zimepangwa juu ya mkeka. Akatangaza kila mtu aje achukue gololi yake. Sauti ilikuwa ndogo, wengine walidhani anauza mayai.

Basi ungewaona! Waligombea zile zinazometa, za mashine, mpya kabisa, ambazo Doreen aliziweka za kulinganishia tu. Wawili walitaka kushikana mashati kwa gololi ya dukani. Zile zenye kitovu, zilizofifia na kukwaruzika, ziliachwa kwenye mashimo yake kama mayai viza. Doreen alizidi kuwaelekeza, wakazidi kumwona mjanja anayeficha nzuri.

Alihisi msonyo unapanda kooni. Akaumeza.

Kornelia alikuja wa mwisho. Akainama, akaokota moja iliyofifia, yenye nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa ndani.

"Ni hii."

"Ndiyo, mama. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona huku. Nililijua hilo siku ileile uliyoniletea."

"Nami niliona kwamba umejua," Kornelia akasema. "Mtu akiona kioo tu, mikono haimtetemeki. Nikasema, msomi huyu, mgeni, hana ndugu hapa. Nikikuumbua utakimbilia wapi? Nikakuhurumia."

Doreen, aliyekuwa amewadharau watu wa huku tangu siku aliyoshuka kwenye basi, hakujua aweke wapi macho.

"Nisamehe, mama."

"Nitaona." Kornelia akavuta kigoda cha muuza maandazi, akaketi mbele yake. "Kwanza toa simu. Waandikie hao Wazungu wako. Niuzie hapahapa, mimi nikikutazama mikono."

Na mimi ninayekusimulia nakuachia hili. Mudrik alihitaji koti, tochi na blanketi, na bado watu wangemshtukia siku moja. Doreen hakuhitaji chochote. Alisema tu "hamna kitu hapo", akapewa na asante juu. Akija mtu anayekidharau kitu chako, mtazame kwanza kama amekirudisha mkononi mwako.