Baba alikuja uwanjani Bungoma, akaketi akiangalia ukuta

Wakuu, salamu zenu humu ndani. Miaka yote nasoma nyuzi zenu za siasa na ugali bila kuchangia hata nukta. Leo naleta yangu, na chumvi sitaongeza, maana ilivyo inanitosha.

Miaka ya elfu mbili nilikuwa straika. Nilianzia shule ya msingi kule Bumula, kisha nikahamia Kitale kwa senge, dada yake Baba, kwa sababu huko kulikuwa na timu ya wanawake. Kutoka Kitale nikaitwa timu ya taifa.

Wanaume wa humu najua mtasema hamkunisikia. Ni kweli. Mechi zetu hazikuonyeshwa kwa TV, na redio ilizitaja baada ya bei ya mahindi, kama ilizitaja. Nilifunga magoli ugenini mbele ya watu ambao hata lugha yao sijui. Nikirudi nyumbani Mama ananiuliza kama huko walinipa chakula cha kushiba.

Nilitaka kitu kimoja tu. Baba anione nikicheza. Hata mara moja.

Baba hakuwa mkali, msimwelewe vibaya. Kila nikiondoka kwenda Kitale nilikuta viatu vyangu vya mpira mlangoni vimeshonwa na kupakwa mafuta, na hakuna mwingine nyumbani aliyejua kushona ngozi.

Shida ilikuwa kaptura.

Kwetu, baba haangalii mapaja ya binti yake aliyekomaa, na binti hamwekei baba yake mtihani huo. Haijaandikwa mahali. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo haizungumzwi. Ningeanzaje? "Baba, kuhusu mapaja yangu"? Afadhali nikose penalti fainali.

Basi miaka ikaenda hivyo, hadi goti la kulia likaanza kunisumbua. Daktari akasema ni kupasuliwa, na baada ya hapo tuombe Mungu.

Kabla ya upasuaji kulikuwa na mechi ya kirafiki Bungoma, sisi wa Kitale dhidi ya wenyeji. Nilijua moyoni inaweza kuwa ya mwisho. Nikamfuata kocha wetu, Madam, nikamwomba nicheze na suruali ya trakisuti.

"Na hili jua? Utaiva, bana," akasema. Lakini alikuwa mtoto wa huku huku, alielewa bila kuuliza. Refa naye akakubali kwa vile ni kirafiki.

Nikampigia Mama simu. Nikamwambia amlete Baba, na amwambie nitavaa suruali ndefu. Mama akasema sawa.

Wakuu, siku hiyo nilimwona Baba akiingia uwanjani amebebwa kwa baiskeli ya Wafula, jirani yetu wa bodaboda. Koti la kanisani, kofia, mwavuli. Nilihisi goti limepona.

Kisha akaomba kiti. Akakigeuza. Akaketi akiangalia ukuta wa uwanja, mgongo kwangu.

Wafula akasimama kando yake, macho uwanjani, akimtangazia kila kitu. Nikipita karibu na laini nilimsikia: "Mzee, si amepata! Amempita mmoja! Ati wanamkata miguu, huyu refa ni kipofu ama?" Na Baba anatikisa kichwa polepole, anaangalia ukuta.

Nilitaka kupiga kelele, "Baba, geuka! Nimejifunika!" Lakini utampigiaje baba yako kelele mbele ya watu, tena kelele za jambo hilo? Nikaendelea kukimbia. Ndani ya ile suruali nilikuwa naiva kweli. Winga wetu akaniuliza mbona nalia, nikamwambia ni jasho.

Kipindi cha pili krosi ikatoka kushoto. Nikaituliza kifuani, na kabla haijagusa chini nikaipiga kwa mguu wa kulia, ule mbovu. Wavuni. Uwanja mzima ukasimama. Baba pia alisimama, akainua mikono yote miwili juu, akiushangilia ukuta.

Mechi ilipoisha nikaenda kumsalimia. Akageuka. Macho yakashuka hadi miguuni pangu, yakapanda tena.

"Kumbe ulikuwa umevaa hivi?"

"Ndio, Baba."

"Mchezo yote?"

"Yote, Baba."

Akaangalia uwanja. Watu walikuwa wanatoka. Akauangalia kwa muda mrefu.

Mama nilimuuliza baadaye. Akasema, "Sasa mimi ningemwambia nini? Ati msichana amefunika mapaja? Nilimwambia tu aende." Sikuweza kumlaumu. Neno lililomshinda yeye lilinishinda mimi pia.

Jioni ile Baba akaniambia, "Hiyo goli, utanionyesha hapa nyumbani vile uliifunga."

"Goti likipona, Baba."

"Likipona," akasema.

Nikapasuliwa, nikauguzwa kwa senge Kitale. Krismasi nilikuja Bumula kwa mikongojo, nikakuta kati ya ghala na zizi Baba amesimamisha nguzo mbili na mti wa juu. Mbele yake ameweka kiti, na kiti kimeelekea goli. Nikasema tu mahindi mwaka huu yamekuwa mazuri.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Bado nilikuwa nachechemea.

Siku hizi nafundisha wasichana mpira Kitale. Kutembea natembea, mbio zilikwisha. Natamani sana kukimbia, lakini natamani zaidi macho ya yule mzee, na hamu hii haizeeki.

Nguzo bado ziko. Mama hufungia ndama hapo. Nikienda nyumbani namfungua ndama, natoa kiti cha Baba, nakielekeza golini, napiga mpira mmoja kwa mguu wa kulia.

"Imeingia?" Mama anauliza kutoka jikoni.

"Imeingia, Mama."

Nilichojifunza: kama kuna neno la aibu kati yako na mzazi wako, liseme, hata likitoka vibaya. Aibu yangu ingeisha kabla refa hajapuliza filimbi.

Haya, nanyi semeni. Nani humu ana mzazi aliyekuja lakini hakuona? Na wa kucheka trakisuti acheke tu, hata Madam alicheka.